Watu Kumi kwa Ajili ya Adero

Asembo Bay,
21 Februari 2022

Mpwa wangu Lorine Anyango,

Pokea salamu kutoka huku ufukoni. Sisi ni wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Anti yako Metrine anakusalimu sana. Anasema amekuwekea omena iliyokaukia juu ya wavu, haina hata chembe ya mchanga, ila hajui ataituma kupitia nani maana wewe hukanyagi huku. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mvua bado.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hushiki. Nimepiga mara tisa tangu tulipomzika mama yako. Ya kumi nikajiambia, Mark, wewe ulikaa nyuma ya dirisha la posta miaka thelathini na moja ukipanga barua za watu, na hata siku moja hukuandika yako. Basi ndiyo hii. Ukinijibu, tumia sanduku la kanisa. Ufunguo anao Valerie, karani wa parokia, naye hulifungua siku akikumbuka, kwa hiyo nikichelewa usidhani ni maringo.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi ya tarehe kumi na tano Januari, dada yangu wa pekee aliteremshwa kaburini, na binti yake wa pekee alikuwa amekaa ndani ya nyumba. Kasisi alikuita kwa jina mara mbili uje utupe udongo. Hukutoka. Watu zaidi ya mia nne walikuona hukutoka. Mpaka leo nikipita sokoni wanawake wa samaki wananiuliza kama ni kweli Wayahudi wako wamekufundisha kuchukia maiti ya mzazi. Nawajibu kwamba sijui, na kweli sijui. Umeniacha na aibu ambayo siwezi hata kuieleza.

Kama kuna maelezo, niandikie. Mimi ni ndugu ya mama yako, si mtu wa barabarani.

Mjomba wako,
Mark Ooko


Kisumu,
9 Machi 2022

Mjomba Mark,

Amosi ahinya, wewe na Anti Metrine. Mimi ni mzima. Barua yako ilinikuta hapa Kibuye kwenye cherehani, nimezungukwa na kaptula za shule. Wateja wote wanataka leo na hakuna aliyeleta kitambaa jana. Omena naitaka. Mwambie Anti ampe dada yeyote anayeleta samaki Kisumu, nitamlipa nauli ya mzigo.

Simu sikushika kwa sababu ningesema maneno ambayo hayarudi. Kwenye karatasi naweza kufuta.

Mjomba, hakuna aliyenikataza kumzika mama. Sabato yetu huanza Ijumaa jua likitua, na kuisha Jumamosi nyota zikionekana. Katika muda huo hatuziki na hatugusi udongo wa kaburi, hata awe mfalme amekufa. Wewe unajua, kwa sababu nilikupigia Jumanne nikakuomba tumzike Ijumaa mchana. Jeneza lilikuwa tayari. Ndugu za baba walikuwa wamekuachia mipango yote kwa vile wewe ni mzee wa kanisa. Ukaniambia, "Tutaona." Halafu nikasikia Jumamosi ikitangazwa kwenye redio pamoja na watu wengine wote.

Nilikuwa dirishani. Niliona kila kitu, hata kamba ilivyokwama upande wa miguu.

Nikueleze ninachomfanyia mama, ili ukiulizwa sokoni uwe na jibu. Kuna sala inaitwa Kadishi. Mtoto aliyefiwa na mzazi husimama na kuisema kwa miezi kumi na moja. Kwa nini si kumi na miwili? Wazee wetu wa zamani walisema mtu mwovu huhukumiwa miezi kumi na miwili kamili. Basi mtoto huacha mwezi mmoja kabla, asije akaonekana anamdhania mzazi wake kuwa mwovu. Na ndani ya sala hiyo hakuna neno kifo wala jina la marehemu. Ni sifa za Mungu tu, mwanzo hadi mwisho, kutoka kinywani mwa mtu ambaye siku hiyo angekuwa na sababu ya kunyamaza.

Lakini haisemwi peke yako. Lazima wawepo Wayahudi kumi, watu wazima, wa kukujibu. Tisa hawatoshi. Kwa desturi ya zamani waliohesabiwa ni wanaume peke yao. Katika miaka mia hii ya karibuni baadhi ya Wayahudi wa ng'ambo walianza kuwahesabu wanawake pia, na wengine wamekataa mpaka leo. Waliotufundisha sisi ni wa upande unaohesabu. Katika sinagogi yetu ya Mamboleo tuko kumi kamili: wanaume sita, wanawake wanne. Kila Sabato mimi husimama, tisa wanajibu.

Na mimi nina swali moja kwako. Kwa nini Jumamosi?

Mpwa wako,
Lorine


Asembo Bay,
2 Mei 2022

Mpwa wangu Lorine,

Usinune. Valerie alikwenda kumtazama dada yake aliyejifungua, akaondoka na ufunguo, na barua yako ikalala gizani wiki tano. Nimemwambia nilivyomwambia. Sasa ananisalimia kwa mkono wa kushoto.

Huku mvua imekuja kwa fujo. Mahindi ya Metrine yamesimama vizuri. Goti langu limekataa tiba za hospitali na za jirani pia.

Hiyo ya miezi kumi na moja nimeisoma mara tatu, halafu nikamsomea Metrine, akaacha kuchambua mboga. Mwezi mmoja unaachwa kwa heshima! Mpwa wangu, mimi nimesimama makaburini zaidi ya mara mia tatu nikiwa msomaji wa kanisa, kasisi akiwa mbali. Nimesifu walevi, nimesifu wezi wa nyavu, nimesema mpaka jeneza likachoka. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kumsitiri marehemu kwa kunyamaza mapema. Hao wazee wenu walikuwa watu wenye akili na huruma pamoja, na hivyo viwili si kila siku hukutana katika kichwa kimoja.

Nimeanza kuwasoma, usicheke. Mwalimu mmoja hapa ana vitabu vya historia. Ulijua kwamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi nyanda za Uasin Gishu, huko kwenye mahindi ya Eldoret? Wayahudi wakatuma watu watatu kukagua, kisha wakakataa. Watu wanafukuzwa na kuuawa kule Ulaya, wanapewa ardhi ya bure, na bado wanasema asante, nyumbani kwetu si huku. Mimi ningechukua hata ekari mbili.

Niambie hao kumi ni akina nani. Mtu anayemwitikia dada yangu Adero "Amina" kila wiki nataka nijue anafanana vipi.

Swali lako nimelisoma. Metrine anauliza omena ulipata?

Mjomba wako,
Mark


Kisumu,
20 Juni 2022

Mjomba Mark,

Amosi. Omena nilipata, na nusu yake imeliwa sinagogi. Mwambie Anti Metrine wamemwombea baraka bila kumjua. Samaki wenye magamba na mapezi tunakula: omena, ngege, mbuta. Mumi ndiye hatumgusi, hana magamba. Nilidhani ningekufa kwa kumkosa mumi wa kukaushwa kwa moshi. Sikufa.

Umeuliza kuhusu hao kumi. Sinagogi yetu ni chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya Mzee Hiram Muchiri, yule anayeuza mbao. Yeye na mkewe Gakenia walitoka Nyeri miaka mingi iliyopita, na ndio waliotuanzisha. Mzee Hiram alikuwa mtu wa Biblia mpaka siku moja akajiuliza nani aliihamisha siku ya saba akaiweka ya kwanza, na tangu hapo hajapumzika. Alipanda basi mpaka Mbale, Uganda, kwa Wayahudi wa huko. Babu zao walishika Torati kabla mzee wako hajazaliwa, na wakati wa Amin, ilipopigwa marufuku, walisali wakiwa wamejificha. Mzee Hiram anasema alipowasikia wakiimba alilia kama amepotea akapatikana. Yupo pia Nasambu, mwalimu wa chekechea kutoka Bungoma, na Calvince, ambaye hutembea kutoka kwa shemeji yake kila Sabato, saa moja na nusu kwenda, kwa sababu gari hapandi. Wengine utawapenda ukiwaona.

Hatuhesabu watu kwa namba. Ni mwiko. Tunao mstari wa maneno kumi katika Zaburi, kila mtu anapewa neno moja. Neno la mwisho likipata mtu wa kulibeba, tunaanza.

Na mimi, Mjomba, ndiye ninayesoma Torati. Sikukuambia. Nimejifunza Kiebrania miaka mitano, usiku baada ya kazi nikiwa na chaki kwenye meza ya kukatia nguo. Ukisoma vibaya neno moja, watu wanakusahihisha hapo hapo kwa sauti, hata mzee, hata mgeni, na hakuna anayekasirika. Napenda hilo kuliko kitu chochote.

Sasa shida. Mwezi uliopita alikuja mwalimu wa ng'ambo, wa upande ule mkali. Mtu mpole sana. Ametuambia ukweli: tukiwa tulivyo, kuna Wayahudi wengi duniani ambao hawatatutambua kamwe. Tukifuata njia yao, watatufundisha upya na kutupa hati zinazokubalika kila mlango. Mzee Hiram anataka. Ana wajukuu, hataki siku moja waambiwe wao ni wa bandia. Simlaumu. Lakini kwa njia hiyo wanawake hawahesabiwi wala hawasomi. Wanaume tunao sita. Sita si kumi, na Kadishi ya mama itanyamazia hapo, baada ya miezi sita tu.

Mkutano ni Jumapili tarehe 17 Julai. Wewe umekuwa mtu wa kanisa maisha yako yote, umeona mabaraza na kura zake. Niambie nifanye nini. Ninyamaze kwa amani ya watu, au niseme? Nijibu kabla ya siku hiyo, hata mstari mmoja.

Lorine


Kisumu,
16 Agosti 2022

Mjomba Mark,

Amosi. Natumaini mlipiga kura ya uchaguzi mkuu salama na mmerudi nyumbani salama.

Tulikutana. Nilisema. Saba walitaka tubaki tulivyo, watatu walitaka tubadilike. Gakenia alimpinga mumewe mbele ya wote, na kesho yake akampikia githeri kama kawaida. Wale wawili wengine wamekubali kubaki na wengi. Mzee Hiram hakugombana na mtu. Alikunja shela yake ya sala, akatuachia ufunguo wa chumba ambacho ni chake mwenyewe, akasema, "Mimi sitawafukuza, lakini kwa hiyo hesabu siwezi kuwa ndani." Sasa anasali peke yake kwenye ghala la mbao, ukuta mmoja kutoka kwetu. Tunamsikia.

Tumebaki tisa. Sabato nne mama hajasimamiwa.

Valerie nimempigia. Ameniambia barua yangu aliitoa kwenye sanduku tarehe 28 Juni na akakupa mkononi.

Lorine


Asembo Bay,
19 Septemba 2022

Lorine,

Posta haina kosa. Barua nilipata, na siku kumi na tisa nilikuwa nazo. Ungeniuliza bei ya mbuta ningejibu siku hiyo hiyo.

Leo sina habari za ng'ombe. Nikianza na ng'ombe nitaishia kwa ng'ombe.

Mwaka wa 1991 mama yako aliomba awe msomaji wa kanisa. Hakukuambia, najua. Alikuwa amesoma Biblia nzima mara mbili, na sauti yake uliijua. Kasisi wa wakati ule alikuwa tayari. Baraza la parokia likapiga kura, ikawa sawa kwa sawa, na kura ya mwisho ikawa yangu. Nilisimama nikasema mwanamke kusoma mbele ya wanaume kutaleta fujo. Nilitaja na mistari. Ukweli ni kwamba alisoma vizuri kuliko mimi, kila mtu pale alijua, na nafasi ilikuwa moja. Nikawa msomaji mimi, miaka ishirini na saba. Adero alikaa safu ya nyuma, akaimba. Hakuniuliza siku moja. Ijumaa akitoka ufukoni alikuwa ananiletea samaki.

Halafu wewe ukakua, ukaenda Kisumu, tukasikia umekuwa Myahudi, na baadaye mtu akaniletea habari kwamba unasoma kitabu mbele ya wanaume na wanakusikiliza. Wewe ulidhani sijui. Adero alikuwa ananiambia kila mara, bila kuongeza neno, anasema tu, "Anyango alisoma jana."

Umeniuliza kwa nini Jumamosi. Kasisi hakuwa na udhuru wa Ijumaa, wala mtu mwingine. Nilijua Sabato yako. Nilitaka uwekwe mahali ambapo lazima uvunje kimoja, mama au kitabu, na nilikuwa na hakika utavunja kitabu. Ulipobaki ndani ya nyumba nilikasirika kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeshindwa.

Na wewe ukaja kuniuliza mimi, kati ya watu wote, mwanamke afanye nini wakitaka kumwondoa mezani. Kalamu haikuweza.

Sasa umejua. Huna haja ya kujibu.

Mark Ooko


Kisumu,
7 Oktoba 2022

Mjomba,

Barua yako ilifika Alhamisi kabla ya siku yetu kubwa ya toba. Sikula jioni ile, na kufunga kulikuwa bado.

Nilitaka kuichoma. Nilikasirika mpaka nikashona mkono wa shati mahali pa kola. Nilikumbuka mama alivyokuwa ananiuliza simuni, kila Jumapili, "Ulisoma nini jana?" na kunitaka nirudie kwa lugha nisiyojua kama anaielewa. Nilidhani ni mapenzi ya mzazi tu. Kumbe alikuwa anasikiliza kitu kingine ndani yake. Hilo umenipa, na sijui kama nikushukuru au nikupige.

Nikuambie desturi yetu, halafu ufanye unavyotaka. Siku ile ya toba inafuta makosa ya mtu kwa Mungu. Makosa ya mtu kwa mtu haigusi. Lazima uende kwa uliyemkosea, umwombe kwa kinywa chako, hata mara tatu. Mungu mwenyewe amekataa kusamehe kwa niaba ya mwingine. Mimi nikilifikiria hilo huwa naona fahari kwamba niliingia katika watu hawa. Na kama uliyemkosea amekufa, unakwenda kaburini kwake na watu kumi, unasema mbele yao ulichomfanyia.

Nimerudia barua yako mara nyingi, Mjomba. Ina kila kitu. Ina mwaka, ina kura, ina mistari uliyotaja. Haina ombi.

Sisi bado ni tisa. Mara mbili alipita mgeni kutoka Mbale, tukawa kumi, nikasimama. Zimebaki Sabato tisa miezi kumi na moja iishe kwa kalenda yetu. Msalimie Anti.

Lorine


Kisumu, kwenye ghala la mbao la Muchiri,
14 Novemba 2022

Mpwa wangu Lorine Anyango,

Ukiiona tarehe na mahali usishtuke. Metrine ni mzima, ng'ombe ni wazima, goti limesafiri likilalamika njia nzima. Barua hii hutaitoa kwenye sanduku. Utaletewa na mtu ambaye ukimfungulia mlango utadhani unaota.

Nilifika leo saa nne. Mzee Hiram alikuwa anapiga randa. Nilimsalimu, akanitazama kuanzia kofia mpaka fimbo.

"Keti, Mzee. Hiyo stuli iko na msumari, chukua ile ingine. Unataka mbao ya nini?"

"Sitaki mbao. Mimi ni ndugu ya marehemu mama ya Lorine."

"Amekutuma?"

"Hajui niko hapa."

Nikamwambia yote, Lorine, kama nilivyokuandikia, na mengine ambayo karatasi haikutosha. Hakuacha kupiga randa, lakini alikuwa anapiga mahali pale pale. Nilipomaliza akauliza, "Sasa unataka kuwa Myahudi?"

"Hapana. Mimi nitakufa Mwanglikana. Nataka kuomba dada yangu msamaha, na nimeambiwa kwenu inataka watu kumi."

"Hao huko ndani wako tisa, wanne ni wanawake. Kwangu mimi hiyo ni watano."

"Hata mimi nilihesabu hivyo mwaka wa tisini na moja," nikamwambia. "Hesabu ikatoka sawa kabisa. Ndio hii unaona."

Gakenia alikuwa amesimama mlangoni na chai, hata sijui tangu lini. Mzee Hiram akaweka randa chini. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu yanamstahili: "Mimi kwa sala sijabadilika, na usiniambie nibadilike. Niliacha hii maneno kwa kuogopa Mungu, si kwa kudharau huyo msichana. Huyo msichana anasoma mpaka mwili inanisimama. Lakini mtu akitembea na goti mbaya kutoka Asembo kuja kutubu, nikatae kusimama kando yake juu ya nani mwingine amesimama hapo? Nikiulizwa hiyo huko juu nitajibu nini?"

Kwa hiyo atakuja. Tumesema Jumapili tarehe 20, baada ya ibada. Nimelipa gari la watu kumi na wanne. Ndugu za baba yako wamekubali boma lifunguliwe. Niliwaambia ni Wayahudi wanakuja kumwombea Adero, wakauliza kama wanakula ngege. Nikawaambia wanataka kuona magamba kwanza.

Mzee Hiram ananiambia mtu huanza na walio hai. Kwa hiyo naandika hapa, na nikikuona nitasema tena, na tena. Nilikuibia udongo wa mama yako. Nilikufungia nje ya mazishi yake kwa makusudi, nikakuacha usemwe, nikasimama sokoni nikijifanya sijui. Nisamehe, Lorine. Nakuomba.

Mjomba wako,
Mark


Kisumu,
11 Desemba 2022

Mjomba wangu Mark,

Amosi ahinya, amosi Anti Metrine. Mwambie Anti kwamba Gakenia bado anawasimulia watu hapa jinsi alivyoonyeshwa ngege mmoja mmoja na magamba yake, kama mtu anayekagua pasipoti. Cherehani ni nzima. Shule zimefunga, sasa nashona za harusi.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka miezi iishe kwanza.

Siku ile kaburini, mbele ya watu, nilikujibu neno moja tu, ndiyo. Nalirudia hapa ili uwe nalo kwa maandishi. Nimekusamehe yangu. Ya mama si yangu kuitoa, lakini nilikusikia ulivyomwomba. Ulianza kwa ile sauti yako ya kanisani, ukataja mwaka na kura, halafu sauti ikakatika ukabaki unamwita tu, "Adero, nyaminwa," kama mtoto anayemfuata dada yake njiani. Watu wa kanisa lako waliokuja kutushangaa walivua kofia. Mjomba, nilijivunia wewe siku hiyo. Sikutegemea kuliandika neno hilo.

Niliposimama kusema Kadishi, sikumtazama Mzee Hiram. Niliogopa. Nikafika mahali pa kwanza pa kuitikiwa, nikasikia sauti yake nzito juu ya zote, Amina. Tukirudi, tulipopita Holo, akasema bila kumwangalia mtu, "Nimeshasema Amina. Siwezi kuirudisha kwa mfuko." Sabato iliyofuata alikuja na shela yake. Amekaa karibu na mlango, na bado anabishana na sisi kila wiki kuhusu hati na wajukuu. Mwalimu wa ng'ambo amemwandikia, naye amejibu kwamba anafikiria. Pengine ataondoka tena. Lakini tarehe 26 nilisimama, na tarehe 3 nilisimama, na hiyo ikawa ya mwisho.

Jana ilikuwa Sabato yangu ya kwanza ya kukaa. Miezi hii yote nilikuwa nasubiri kumaliza, nikidhani nitahisi nimetua mzigo. Pale pa Kadishi palipofika, miguu yangu ilitaka kuinuka yenyewe. Nikaikataza. Nikaona nimemwacha mama peke yake, nikalia kwenye kiti mbele ya watu wote, wala sikuona aibu.

Kisha Nasambu akasimama. Baba yake alikufa wiki mbili zilizopita huko Bungoma, na jana ilikuwa mara yake ya kwanza. Kabla ya kufungua kinywa akageuka, akatutazama mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayeogopa kufika mwisho. Macho yake yakaja kwangu yakatulia. Nilikuwa wa kumi.

Mpwa wako,
Lorine